Mti wenye utomvu mweupe na majani marefu, kihamba cha Mbokomu: naomba kujua jina lake kabla haujakatwa

Mwanambokomu
Jumamosi, saa 3:10 usiku

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Ninaomba msaada wa kuutambua mti mmoja mkubwa uliopo kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba yetu huko Mbokomu, juu ya mji wa Moshi. Mimi nilisoma na kufanya kazi mbali na nyumbani kwa miaka mingi, na baba alipofariki mwaka jana ndipo nilipogundua kwamba miti mingi ya shambani naijua kwa sura tu. Mringaringa naujua, mfuruanje unaofunika kahawa naujua, mgrevilea na mparachichi pia. Huu mmoja umenishinda.

Upo mwisho wa shamba, hatua kama kumi kutoka kwenye kijito kinacholisha mfongo, yaani mfereji wa maji, wa ukoo wetu. Kwa kukadiria una urefu wa mita 18 au zaidi, na nikilikumbatia shina mikono yangu haikutani. Majani yake ni marefu na membamba kiasi, yenye ncha, yanang'aa upande wa juu na yamepauka upande wa chini, na mshipa wa katikati umejitokeza waziwazi. Ukilivunja jani au kitawi kichanga, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Nilipiga picha ya jani moja nikaipeleka kwenye programu ya simu ya kutambua mimea. Mara ya kwanza ikasema ni mwembe, mara ya pili ikasema ni mparachichi, na yote mawili najua si kweli.

Sababu ya kuuliza ni kwamba mdogo wangu anataka tuukate ili tupate mbao za kuezekea banda la ng'ombe. Fundi mmoja wa kijijini amemhakikishia kwamba ni mvule, kwa hiyo mbao zake zitakaa miaka mingi bila kuliwa na mchwa. Mimi nasita. Nilipokuwa mtoto niliwahi kumuuliza baba jina la mti huu, naye alinijibu kwa kifupi tu, "Huo ni wa akina mama," akaendelea na kazi yake. Nilidhani hakutaka kusumbuliwa, nami sikuuliza tena.

Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Olmotonyi
Jumamosi, saa 4:02 usiku

Ndugu Mwanambokomu, pole kwa msiba wa mzee, na umefanya jambo jema kuuliza kabla shoka halijagusa mti. Nilipata mafunzo ya misitu hapa Arusha, katika chuo cha Olmotonyi, na nimestaafu baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, kwa hiyo nitakuomba uvumilivu, maana sitakutajia jina leo.

Kwanza niseme kuhusu utomvu. Maziwa meupe ni dalili nzuri, lakini peke yake haitoshi kumtaja mtu yeyote mahakamani. Mvule unatoa maziwa, mkuyu unatoa maziwa, mfenesi, mpapai na hata mnyaa wa kwenye ua vilevile. Dalili hiyo inakuondolea mwembe na mparachichi, ambayo haina maziwa ya namna hiyo, lakini bado inakuachia jamii kadhaa za miti ambazo hazina undugu wa karibu.

Kinachotenganisha miti hiyo, na ambacho picha ya jani moja haiwezi kamwe kukionyesha, ni namna majani yalivyopangwa kwenye kitawi. Jani likishachumwa, ushahidi huo umepotea. Ndiyo maana programu yako ilitaja mwembe: jani moja refu, lenye ncha na linalong'aa, likilazwa juu ya meza, linaweza kuwa la miti kumi tofauti. Chukua kitawi kizima chenye urefu wa mkono, usikipukuchue, kisha utazame kifundo, yaani pale kikonyo cha jani kinapoungana na kitawi. Je, kila kifundo kina jani moja, na linalofuata lipo upande mwingine? Je, yapo mawili yanayotazamana? Au yapo matatu, manne au zaidi yaliyokizunguka kitawi kwa usawa mmoja kama mikono ya feni?

Hapo pia uwe na hakika kwamba unachokitazama ni jani zima, si kipande cha jani. Wengi wanateleza hapa. Mwarobaini na mmelia, ambayo watu wa Moshi na Arusha huichanganya kila siku, hutofautiana hapo hapo: jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vyake vimepangwa huku na huku kwenye mhimili mmoja, jani la mmelia limegawanyika mara mbili, mhimili mkuu una mihimili midogo inayobeba vijani. Mtu anayedhani kila kijani ni jani kamili atapotea njia tangu mwanzo. Njia ya kuhakiki ni kutafuta chipukizi: chipukizi hukaa kwapani mwa jani, kati ya kikonyo na kitawi, wala hulikuti kwenye mhimili ulio ndani ya jani lenyewe.

Basi naomba utuletee mambo haya: mpangilio wa majani kwenye kifundo; urefu wa jani kwa rula; kama ncha ya kitawi ina kifuniko kinachoacha alama ya pete kikidondoka; sura ya gome la shina; na chochote utakachokikuta chini ya mti, hasa matunda, hata kama yamekauka au yameliwa na ndege. Tunda bovu la chini lina thamani kuliko jani zuri la juu.

---

FundiMbao_Majengo
Jumapili, saa 1:25 asubuhi

Kwa heshima zote kwa mzee aliyetangulia, mimi naona fundi wa kijijini ana hoja. Nimepasua mbao kwa miaka mingi, na mti mkubwa wenye maziwa, ulio karibu na maji, kwa maeneo haya yetu ya Moshi, mtu wa kwanza kumfikiria ni mvule. Wapo mivule mikubwa hadi leo katika msitu wa Rau, na Mbokomu haiko mbali na hapo. Majani ya mvule nayo ni marefu kiasi na yana ncha. Kama ni mvule kweli, ndugu, usiutoe kwa bei ya kuni, kwa sababu mbao zake ni za rangi ya dhahabu iliyokolea, ngumu, na mchwa hawazigusi.

---

Mwanambokomu
Jumapili, saa 11:40 jioni

Mzee wangu, shikamoo. Leo baada ya ibada nimepanda shambani na ngazi, rula na daftari, nimetazama kama ulivyoelekeza, na ninakiri kwamba nimeuona mti huu kwa mara ya kwanza ingawa nimepita chini yake tangu utotoni.

Majani hayakai moja moja wala mawili mawili. Kila kifundo kina majani manne yaliyokizunguka kitawi kwa usawa mmoja. Nimehesabu vifundo ishirini na vitatu, kumi na tisa vikiwa na manne na vinne vikiwa na matatu. Chipukizi lipo kwapani mwa kila jani, kwa hiyo ni majani kamili. Majani makubwa yana urefu wa sentimita 22 hadi 26 na upana wa sentimita 4 hadi 5, na yanasinyaa polepole kuelekea kwenye kikonyo. Ukingo wake ni laini, hauna meno. Sikuona kifuniko kwenye ncha ya kitawi wala alama ya pete.

Gome la shina ni la rangi ya kahawia iliyopauka, limepasukapasuka vipande vidogo vya pembe nne, na ukilibonyeza kwa kucha linabonyea kama kizibo cha chupa. Chini ya mti nimekuta matunda ya mviringo, makubwa kidogo kuliko punje ya dengu iliyolowekwa, takriban sentimita moja na nusu. Yaliyo mabichi ni ya kijani kinachong'aa na yana vidoa vyeupe. Yaliyokomaa yamekuwa meusi na yamekunjamana. Maua sikuyaona.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika jana kwa kuwa nilidhani halihusiani. Kwenye shina, kuanzia usawa wa goti hadi usawa wa kifua, yapo makovu ya zamani ya pembe nne, mengine yameshaziba kabisa na mengine bado yana mdomo. Yapo manne, yote upande mmoja, ule unaotazama njia. Yamekatwa kwa panga na mtu aliyejua anachokifanya, kwa sababu kingo zake zimenyooka. Sijui ni nani aliyefanya hivyo wala kwa nini.

---

Mama Ulezi
Jumapili, saa 1:15 usiku

Mwanangu Mwanambokomu, soma polepole. Huo ni msesewe.

Mimi nimezaliwa Uru na nimepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu nilipofunzwa na mama mkwe wangu, na nilipofika kwenye hayo makovu sikuhitaji tena kusoma habari za majani. Gome la msesewe ndilo linaloipa mbege uchungu wake. Ndizi zilizoiva huchemshwa na kuachwa hadi zichachuke, kimea cha ulezi husagwa na kupikwa kuwa uji, na gome lililokaushwa na kutwangwa huingizwa humo kwa kipimo ambacho kila mpishi anakijua kwa mkono wake. Likizidi, pombe haionjeki. Likikosekana, wazee wanaweka kibuyu chini na kuuliza aliyepika ni nani.

Basi anayechuna gome hazungushi panga shina zima, maana mti utakauka. Anachukua kipande cha pembe nne upande mmoja, kisha mti unapewa muda wa kujiziba, na mwaka mwingine anachukua pembeni yake. Makovu manne upande mmoja yanaonyesha kwamba mama mmoja, au mama na bintiye, wamekuwa wakichuna mti huo kwa adabu kwa miaka mingi, tena kwa ruhusa ya baba yako. Kwa hiyo alipokujibu kwamba mti huo ni wa akina mama, hakuwa anakufukuza. Alikujibu swali lako, isipokuwa ulikuwa mtoto na hukuwa na la kuliunganisha nalo.

Uliza upande wa shangazi zako. Aliyekuwa akipika kwa ajili ya matanga na harusi za ukoo ndiye atakayekuonyesha.

---

Mzee wa Olmotonyi
Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimefurahi sana kusoma maelezo ya Mama Ulezi, na ninayaunga mkono bila shaka. Kabla sijaona ujumbe wake nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi jina la kisayansi *Rauvolfia caffra*, na huo ndio msesewe wa Wachaga. Hata hivyo naomba nieleze ni kwa nini dalili ulizozileta zinafika hapo, ili fundi wetu wa Majengo naye aridhike kwa hoja na si kwa heshima ya umri.

Mvule hupanga majani yake moja moja kwa kupishana, kulia na kushoto. Hauna kifundo chenye majani manne. Jani lake ni pana zaidi kwa urefu wake, na mishipa yake ya pembeni ni ya manjano iliyopauka na inaonekana wazi. Tunda la mvule halina umbo la gololi. Ni kishada kinene kilichorefuka kama kiwavi, kwa sababu mvule ni wa jamii ya mforosadi. Mkuyu na ndugu zake nao hupishanisha majani, na ncha ya kitawi chao hufunikwa na ala inayoacha pete, ambayo wewe hukuiona. Kwa hiyo mpangilio wa majani peke yake umeiondoa mivule na mikuyu yote, kabla hata hatujafika kwenye tunda.

Ukiwa na majani manne kwa kifundo na mti uko kando ya maji, kuna mwingine unaoweza kumdanganya hata mtaalamu, nao ni mgwina. Mgwina pia ni mti wa kingo za mito, majani yake ni membamba, yanang'aa, na hukaa manne manne. Lakini mgwina hauna maziwa hata kidogo, na maua yake hukusanyika kuwa kitufe cha mviringo. Hapo ndipo ile dalili ya utomvu, niliyoikataa jana ilipokuja peke yake, inapopata kazi yake. Majani yaliyozunguka kifundo pamoja na maziwa meupe, vikikutana kwenye mti mmoja, vinakupeleka moja kwa moja kwenye jamii ya Apocynaceae, ambamo umo pia muoleanda wa maua ya waridi unaopandwa kwenye bustani za Moshi, wenye majani matatu kwa kifundo. Tunda la kijani lenye vidoa vyeupe, linaloishia kuwa jeusi na kukunjamana, pamoja na gome la kizibo lililopasuka vipande vya pembe nne, vinamalizia kazi.

Kuhusu banda la ng'ombe: mbao za msesewe ni nyeupe, laini na nyepesi. Zinafaa kwa vyombo vya jikoni na masanduku, lakini si mbao za kuachiwa mchwa bila kutiwa dawa. Mkiezeka banda mkiamini ni mvule, mtaezeka tena mapema mno. Halafu mti upo hatua kumi kutoka kwenye kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hata kabla ya kulijadili shoka, mnapaswa kwenda ofisi ya kijiji na kwa ofisa misitu wa wilaya. Nami naongeza kwa nafsi yangu kwamba mizizi ya mti huo ndiyo inayoushika huo ukingo, na mfongo wenu unategemea ukingo huo.

Ombi langu la mwisho ni la kumbukumbu. Mti ukitoa maua, ambayo ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri na hukaa kwa vishada kwenye ncha za matawi, kata kitawi kimoja chenye majani na maua, kilaze kati ya magazeti, weka ubao na mawe juu yake, na ubadilishe magazeti kila siku hadi kikauke. Baadhi ya majani yageuze ili upande wa chini uonekane. Andika mahali, tarehe, mwinuko, rangi ya ua, rangi ya utomvu na jina la Kichaga. Sampuli ya namna hiyo inaweza kupelekwa kwenye hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, hapa Ngaramtoni, ikalinganishwa na zile zilizohifadhiwa. Usiliache jina la Kichaga. Nimeona sampuli nyingi zilizokaushwa vizuri sana lakini hazina neno hata moja la wenyeji wa mahali zilipochumwa, na hilo hunisikitisha kila mara.

---

Mfamasia_Arusha
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Naomba kuongeza tahadhari moja tu. Kwa kuwa sasa jina limejulikana, wapo watakaosoma hapa na kwenda kuchuna gome la msesewe kwa ajili ya tiba. Miti ya kundi la Rauvolfia ina kemikali zenye nguvu zinazogusa moyo na mishipa ya damu. Ndugu yake wa India, *Rauvolfia serpentina*, ndiye aliyetoa dawa ya reserpini mwaka 1952, iliyotumika kushusha shinikizo la damu. Mtu anayemeza dawa za shinikizo hospitalini, au mama mjamzito, asijaribu kunywa maji ya gome hili kwa kukisia kipimo. Vilevile ukivunja kitawi, nawa mikono kabla ya kugusa macho.

---

FundiMbao_Majengo
Jumatatu, saa 7:50 mchana

Nimeelewa, mzee, na ninamwomba radhi Ndugu Mwanambokomu kwa kumwongezea mkanganyiko. Kosa langu ni kwamba mimi huuona mti ukiwa tayari gogo, hauna majani. Kwenye gogo bado kuna njia: ukichimba kwa patasi hadi kufika moyo wa mti, moyo wa mvule ni wa manjano unaokuwa kahawia ukipigwa na hewa, lakini msesewe ni mweupe hadi katikati. Lakini ni kweli, kuukata mti ili kuujua si njia.

---

Mwanambokomu
Jumatano, saa 3:20 usiku

Ninawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee Mama Ulezi na Mzee wa Olmotonyi.

Jana jioni nilimpigia shangazi yetu mkubwa, dada wa baba, anayeishi Kidia. Nilimweleza kuhusu majani manne na matunda yenye vidoa, akawa kimya. Nilipofika kwenye makovu akacheka na kuniambia kwamba kovu la chini kabisa, lile la usawa wa goti, alilichuna bibi yetu, na mengine matatu ni yake yeye. La mwisho lilikuwa la mbege ya harusi yangu. Baba ndiye aliyemruhusu.

Mdogo wangu alisikiliza mazungumzo yote kwenye simu. Leo asubuhi ameshuka mjini kuulizia bei ya mirunda ya mkaratusi kwa ajili ya banda. Nami nimeokota matunda meusi yapatayo thelathini, nimeyamenya na kuzisia mbegu kwenye viriba chini ya migomba, karibu na mfongo ili zisikose maji. Shangazi ameuliza kama anaweza kuja mwezi ujao kuchuna kipande kingine. Nimemjibu kwamba kovu la juu bado lina mdomo wa vidole viwili, naye akasema basi atasubiri lizibe.